Saa Moja ya Ndege



Shaaban ikikaribia, mafundi wa hina hapa Unguja huwa hawashikiki, kumbi zinajaa, na mabinti wanakuja kutuuliza habari za nguo, singo, udi na maua. Lakini katika kila maharusi kumi, kuna mmoja anayesubiri wenzake waondoke kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Dada zangu, mie naolewa mbali. Nifanye nini?"

Mara nyingi tunamjibu kwa dua na kumbatio. Leo tunataka kumjibu kwa kisa chetu wenyewe, sisi dada wawili na mdogo wetu wa tatu, kitinda mimba wa mama yetu, aliyeolewa Nachingwea. Tumemwomba ruhusa yake na ya mama kabla ya kuandika, na wote wawili wameridhia. Mama aliongeza sharti moja tu: "Andikeni ukweli. Msiwapambe."

Mdogo wetu alikutana na mumewe Dar es Salaam wakisoma ualimu. Kijana mtulivu, mwenye swala zake, kwao Ruangwa mkoani Lindi, na ajira yake ikampeleka Nachingwea, wilaya ya jirani. Alipotaka kuleta posa, sisi dada tulifanya kile ambacho kila mtu anafanya siku hizi: tukashika simu, tukauliza masafa. Kutoka Zanzibar mpaka Nachingwea, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 460 hivi. Na chini yake simu ikaandika muda wa ndege: saa moja na dakika chache.

Tukafurahi kweli. Saa moja! Boti ya kwenda Dar inachukua karibu saa mbili, na hakuna anayeita Dar mbali. Tukaenda kwa mama mbio mbio kumwonesha. Mama akavaa miwani, akaangalia ule mstari uliopita juu ya bahari na misitu, akasema: "Mstari mzuri. Nani anapita hapo?" Tukacheka. Hatukujua kuwa ameuliza swali la maana kuliko yote.

Siku ya posa walikuja watu wanne, na msemaji wao alikuwa ami yake mkubwa, mzee wa Ruangwa mwenye kanzu nyeupe na maneno ya heshima. Wazee wa kiume walizungumza yao barazani. Mama alikuwa ndani na sisi, na Bibi, mama yake mama, aliyemlea mdogo wetu tangu anaachishwa ziwa. Ilipofika wakati wa kuulizwa kama upande wa mama una neno, mama alizungumza kutoka nyuma ya pazia. Hakuuliza mahari wala nyumba. Alisema:

"Mimi sina kipingamizi. Nna swali moja. Siku nikifa, mwanangu atawahi kuniosha?"

Pakanyamaza. Ami akakohoa, kisha akajibu kwa upole: "Dada yangu, Mungu akupe umri. Dunia ya leo hakuna mbali. Ndege saa moja tu."

Mama akasema, "Basi mimi nimeridhia." Bibi hakusema kitu. Alikuwa anachambua asmini kwenye sinia, akaendelea kuchambua.

Nikahi ilifungwa Unguja Shaaban ya mwaka 2023, na wiki moja baadaye tukamsindikiza bi harusi wetu kwao mume, kwa sherehe ya kumpokea Ruangwa. Hapo ndipo tulipojua nani anapita kwenye ule mstari. Hapiti mtu.

Nachingwea ina uwanja wa ndege, huo hatukudanganywa. Lakini haukuwa na ndege ya ratiba ambayo mtu anakata tiketi na kupanda. Zile hesabu za simuni hazijui hilo. Kinachofanyika ni kuchukua nukta mbili za ramani, kupima mstari baina yao, kugawa kwa mwendo wa ndege, basi. Hakuna anayeuliza kama ndege yenyewe ipo. Msafiri wa Unguja anayekwenda huko hupanda boti au ndege ndogo mpaka Dar, dakika 20 za angani. Halafu ndege ya Dar mpaka Mtwara, saa moja hivi, kwa sababu ni kilomita 400 kwa mstari. Halafu hushuka Mtwara akashika barabara ya lami ya kwenda Mnazi Mmoja, Mtama na Nanganga. Akiwa anakwenda Ruangwa, hukata kulia Nanganga na kuna kilomita 53 mbele yake. Akiwa anakwenda Nachingwea, anaweza kupita Masasi, na kutoka hapo kuna kilomita 45 hivi. Kwa vyovyote ni zaidi ya kilomita 200 za gari baada ya ndege kumaliza kazi yake. Asiyekuwa na pesa ya ndege hupanda basi Dar na kushinda njiani kutwa nzima, apite Rufiji, Somanga na Lindi.

Siku ile tuliondoka nyumbani baada ya swala ya Alfajiri, tukafika Ruangwa usiku wa Isha umeshapita. Mama alikuwa kimya njia nzima. Kila gari likipunguza mwendo alikuwa anauliza, "Tumefika?" Dereva anajibu, "Bado kidogo, mama." Kidogo cha bara, wasomaji wetu, ni kirefu.

Lakini lazima tuwe waadilifu. Ruangwa walitupokea mapokezi ambayo hatujawahi kuyaona. Wanawake walikuja na vigelegele mpaka barabarani. Tulikula wali kwa kuku wa kienyeji, asubuhi tukapewa chai na ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa, ambayo mama aliionja kwa kuona haya na kumaliza sahani. Mji ni mdogo na una fahari yake. Kila mtu alituuliza kama tunaijua Namungo, timu yao ya mpira, na kama tunajua kuwa wakati ule hilo lilikuwa jimbo la Kassim Majaliwa, aliyeanza uwaziri mkuu mwaka 2015. Mama mkwe wa mdogo wetu ni mkulima wa korosho na ufuta, mjane, mfupi, mwepesi, mwenye mikono migumu na sauti laini. Alimshika mama mkono akamzungusha shamba zima kama anamwonesha nyumba.

Siku ya pili tukaenda Nachingwea kuona nyumba ya bi harusi. Ruangwa mpaka Nachingwea ni kilomita kama 50, na wenyewe wanaita ni jirani. Ami alikuwa nasi garini, na yeye ndiye aliyetusimulia kwa nini mji ule uko ulivyo. Waingereza walikuja huko mwaka 1947 na mpango mkubwa wa kulima karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakafyeka misitu, wakajenga bandari Mtwara na reli kutoka pwani mpaka Nachingwea. Karanga hazikukubali. Kufika mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, na miaka ya mwanzo ya sitini reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Baadaye wakaja wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, wakaweka kambi yao hapo, na Samora Machel mwenyewe aliishi na kufundisha wapiganaji wake pale.

"Kwa hiyo mji wetu," ami alisema, "umejengwa na watu waliokuwa na haraka ya kwenda kwengine."

Mpaka leo kuna mtaa unaitwa Stesheni, na treni hakuna. Mama alilipenda hilo jina. Na kuna mtaa mwengine unaitwa Rahaleo, na hapo mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Unguja. "Rahaleo! Basi mwanangu hajafika mbali. Kavuka barabara tu kutoka Michenzani."

Tukaagana. Bi harusi alilia, sisi tulilia, mama hakulia. Alimwambia kitu kimoja tu: "Ukiniona kwenye simu nimevaa ushungi vizuri, ujue mzima. Siku nikiwa siujali ushungi, njoo."

Mwaka mmoja na miezi kadhaa ulikwenda salama, alhamdulillah. Tulizoea. Siku za Jumaa tunapigiana simu ya picha, Bibi anashikiliwa simu mbele ya uso na anauliza kila mara, "Huko mvua imenyesha?" kwa sababu hakujua swali jengine la kuuliza kuhusu bara.

Kisha ikaja Mei ya mwaka 2024. Nyote mnakumbuka kimbunga Hidaya, kilichosogea pwani yetu tarehe 3 na 4 ya mwezi ule. Boti zilisimama, watu wakakaa ndani. Kwetu kilipita, tukashukuru. Lakini kusini mvua ilikata barabara kuu ya Dar na Lindi maeneo ya Somanga. Madaraja na makalavati yalisombwa, mabasi na malori yakalala njiani siku kwa siku. Mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa kama kisiwa. Sisi wa visiwani tulijua maana yake.

Jumatano ya wiki iliyofuata, kabla ya Alfajiri, Bibi yetu alifariki. Hakuumwa. Aliamka kutawadha, akasema anahisi baridi, akalala tena. Innaa lillaahi wainnaa ilayhi raajiun.

Tulimpigia mdogo wetu saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa Ruangwa na mumewe. Wiki ile walikuwa wamekwenda kumsaidia mama mkwe na ufuta. Hakupiga kelele. Aliuliza: "Mtamzika saa ngapi?"

Hapo ndipo penye kisa chetu, na ndipo tunapotaka kila bi harusi atusikilize.

Wazee walikaa. Wapo waliosema tumsubiri mpaka kesho asubuhi, mtoto alilelewa na marehemu, ana haki ya kumuona. Wapo waliosema Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuharakisha jeneza, na msiba hauna bi harusi. Wakamgeukia mama, maana maiti ni mama yake na msafiri ni mwanawe. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Baada ya Alasiri. Tusimuweke mtu njiani kwa ajili ya mtu mwengine aliyeko njiani."

Tukampigia kumwambia. Akajibu, "Naam," akakata simu.

Huko Ruangwa, tulivyokuja kusimuliwa, walikuwa wameshawasha gari la jirani. Mumewe alikuwa na pesa ya tiketi mbili, yake na ya mkewe, tena kwa kuazima nusu. Wakati wanatoka, mama yake akatokea amejifunga kanga, ana kifurushi mkononi, akaingia kiti cha nyuma. Mwanawe akamwambia, "Mama, tiketi ni mbili." Akajibu, "Yangu ninayo." Alikuwa ameweka pesa ya ufuta wa mwaka uliopita kwa ajili ya bati, maana chumba chake cha uani kilikuwa kinavuja. Ndiyo aliyoichukua.

Waliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njia ilikuwa na maji na mashimo. Mtwara walifika saa tano. Ndege ya mwanzo ilishajaa, kwa sababu barabara imekatika na kila mwenye shida alikuwa anakimbilia angani. Walipata nafasi kwenye ndege ya saa tisa alasiri. Mama mkwe hakuwa amepanda ndege maisha yake yote. Mdogo wetu anasema alimshika mkono tangu magurudumu yanaacha ardhi mpaka yanagusa Dar, na hajui nani alikuwa anamtuliza mwenzake.

Huku kwetu, Adhuhuri ilipopita tulimuosha Bibi. Sisi wawili, mama, na mama mmoja mwoshaji wa mtaani. Tulipofika kwenye kumwagia maji ya mwisho yenye karafuu maiti, mama alisita, akaangalia mlangoni. Hakusema kitu. Tukaendelea. Aliswaliwa msikitini baada ya Alasiri, wanaume wakambeba mpaka Mwanakwerekwe. Saa kumi, ndege ya mdogo wetu inatua Dar, Bibi anatiwa mchanga.

Boti ya mwisho waliikosa. Wakakaa uwanjani wakapata ndege ndogo ya jioni, dakika 20 za kuvuka bahari, na teksi mpaka Mpendae. Mlango ulipobishwa, mmoja wetu aliangalia saa ya ukutani bila ya kukusudia.

Ilikuwa saa moja. Saa moja usiku.

Tangu alfajiri mpaka muda ule, saa kumi na mbili na nusu za njiani, na saa za angani ndani yake hazikufika hata mbili. Tulikumbuka lile neno la siku ya posa, ndege saa moja tu, na tunakiri kuwa tulitafuta kwa macho mtu wa kumkasirikia. Tulitaka ami awepo pale tumuulize.

Lakini aliyeingia mwanzo hakuwa mdogo wetu. Aliyeingia mwanzo ni mama mkwe, na vumbi jekundu la Ruangwa bado liko kwenye pindo la kanga yake. Alivua viatu, akapita katikati ya wanawake waliokaa mkekani, akaenda moja kwa moja kwa mama, akapiga magoti.

"Dada yangu," akasema, "tumechelewa. Nisamehe. Nimemleta mwenyewe. Sikutaka mwanao aingie msibani kwao kama mtu asiye na watu."

Ndipo mama alipolia. Hakuwa amelia kwenye kuosha, wala jeneza lilipotoka. Walikumbatiana wale wajane wawili, na sisi tukamchukua mdogo wetu chumbani kwa Bibi, akalala juu ya kitanda kile, akanusa mto.

Kwenye kile kifurushi mlikuwa na korosho zilizobanguliwa kwa mkono, na ming'oko. Mama mkwe alikuwa amekumbuka kuwa mama alimaliza sahani.

Khitma ilisomwa siku ya tatu. Na ni kwenye siku zile ndipo tulipoona jambo ambalo hatukuwahi kulifikiria, na pengine ndilo lililotufanya tuandike. Adhuhuri ya siku ya pili, mdogo wetu alitandika mswala mahala pake pa zamani, pembeni ya kabati, pale alipofundishwa na Bibi kuswali alipokuwa na miaka saba. Akaswali rakaa mbili, akatoa salamu.

Mama alikuwa mlangoni. Akasema, "Mwanangu, umesahau. Ni nne."

Mdogo wetu akajibu kwa sauti ndogo: "Mama, mie msafiri. Siku tatu tu, narudi."

Kwenye madhehebu yetu ya Shafii, mwenye safari ya marhala mbili, ambazo masheikh wengi hukadiria kuwa kilomita 80 na kitu, anayo ruhusa ya kupunguza swala za rakaa nne kuwa mbili, na akifika mahala ambapo si makazi yake na hakunuia kukaa siku nne kamili, ruhusa hiyo bado ni yake. Mdogo wetu makazi yake sasa ni Nachingwea. Akitoka huko kwenda Ruangwa kwa mama mkwe, kilomita 50, hapunguzi, maana si masafa ya safari. Akija Mpendae, kwenye nyumba aliyozaliwa, anapunguza.

Mama alilifahamu hilo pale pale mlangoni. Kwa mama mkwe, mwanawe ni mwenyeji. Kwa mama yake mzazi, ni msafiri. Tuliogopa kumtazama. Alisimama kwa muda, kisha akasema: "Alhamdulillah. Bora ajue ni msafiri wa kutoka wapi. Wapo waliokaa hapa hapa mtaani na hawajui wako kwa nani."

Usiku ule alituita sote watatu, na mama mkwe akiwepo, akasema: "Mie siku ya posa niliuliza swali baya. Niliuliza atawahi kuniosha. Kuwahi ni kwa Mungu. Jirani yetu binti yake yuko Maskati, kilomita elfu tatu na mia tisa, ndege moja, saa tano na kitu, alimuwahi baba yake. Na wapo wa Bububu hawakuwahi. Nilitakiwa niulize: atakapokuwa anakuja, atakuja na nani?"

Basi wapenzi wetu, hili ndilo jibu letu kwa yule binti anayebaki nyuma na kuuliza kwa sauti ya chini. Hatutakwambia usiolewe mbali. Hatutakwambia pia kuwa mbali hakuna, maana tuliambiwa hivyo na haikuwa kweli, ijapokuwa aliyesema alisema kwa wema. Tunakwambia: ijue safari yako kabla ya kuikubali, na yazungumzeni haya kabla ya hina.

Kwanza, usihesabu mstari, hesabu mlango kwa mlango. Andika kwenye karatasi: kutoka nyumbani mpaka bandarini au uwanjani, muda wa kuripoti, muda wa kukaa Dar ukisubiri, ndege yenyewe, kisha gari. Hesabu ya mwisho ndiyo umbali wako. Ya mdogo wetu ni saa 12 siku mambo yakienda sawa.

Pili, uliza habari za masika. Barabara ya kiangazi na barabara ya Aprili si barabara moja, hata kama jina ni moja. Muulize mume njia ya pili ni ipi ile ya kwanza ikikatika.

Tatu, wekeni akiba ya safari ya ghafla, tangu mwezi wa mwanzo wa ndoa. Mdogo wetu na mumewe sasa wana akaunti ya simu ambayo haiguswi kwa kodi wala kwa ada. Ina pesa ya tiketi tatu. Ya tatu ni ya mama mkwe. Na bati lake lilishaezekwa. Mama yetu alichanga, na sisi tukaongezea, na alikataa mara mbili kabla ya kukubali.

Nne, kitambulisho chako kikae mahala pamoja na kiwe na jina linalofanana na la tiketi. Wengi wamekwama mlangoni kwa herufi moja.

Tano, kaeni na wazazi muzungumze habari za mazishi wakiwa wazima. Ni zito, tunajua. Lakini mama yetu sasa ameusia mbele yetu sote: asisubiriwe mtu. Na mdogo wetu amelisikia kwa masikio yake, akalia akamaliza, hatokuja kutulaumu wala kujilaumu. Wasia kama huo ni sadaka kwa mtoto aliye mbali.

Sita, jifunze swala ya msafiri, na nia zake na mipaka yake, kwa sheikh au ukti unayemuamini. Ni ruhusa Mola aliyokupa kwa ajili ya uzito wa njia yako. Usione haya kuitumia kwenye nyumba ya mama yako.

Na la mwisho si la hesabu. Kabla ya kukubali posa ya mbali, mtazame mama wa yule kijana. Mtazame vizuri kuliko unavyotazama ramani. Ndege unaweza kuikosa na daraja linaweza kukatika. Lakini siku simu itakapolia saa kumi na moja alfajiri, utataka kujua kama kuna mtu atakayejifunga kanga akaingia kiti cha nyuma bila ya kuitwa.

Wazee wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mdogo wetu anarudi, inshaallah, Idi kwa Idi, moja kwetu na moja kwao. Mwezi uliopita alikuja na mtoto wa miezi minne, msichana, amepewa jina la Bibi. Mama alimpakata, akamuuliza kwa sauti ile ile ya marehemu: "Huko mvua imenyesha?"

Mungu amrehemu Bibi yetu na wote waliotutangulia, awahifadhi walio njiani, na awajaalie maharusi wetu wa mwaka huu, wa karibu na wa mbali, wafikie kwa watu wema. Amin.